Kiganja cha Mbegu

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, nyumbani kwetu karibu na Rodi Kopany, nilipomwamsha mgonjwa nikamkabidhi plau ya ng'ombe. Mpaka leo najikasirikia, mwanangu, wala sitaki unipoze.

Mgonjwa alikuwa kaka yangu mkubwa, Okoth. Unajua desturi yetu Wajaluo: wadogo hawapandi kabla ya mkubwa. Mvua imeshanyesha, majirani wamelima, na sisi ndugu watatu tunamngoja Okoth apone homa iliyomlaza wiki nzima.

"Omera, ndugu yangu, ni homa tu," nilimwambia. "Mvua haitakungoja."

"Sawa, wacha nijaribu. Lakini hii kifua inanibana. Hata kufika choo nachoka."

Nikamcheka. Alizunguka shamba mara nne, pumzi ikamkatika, akapiga magoti.

Baadaye miguu ikavimba, na wenye midomo wakasema ni chira, laana ile, ati kavunja mwiko. Mwiko gani? Si ndiye aliyekuwa akiufuata? Tukampotezea wiki tatu kwa dawa za miti kabla ya kumfikisha hospitali Homa Bay. Daktari akatueleza kwamba virusi vya ile homa vilikuwa vimeshika misuli ya moyo, na moyo wa namna hiyo unataka kupumzika, si kusukuma plau.

Shangazi yetu aliposikia, alinifokea mbele ya wote.

"Nani alikuambia alime shamba yote? Angetupa mbegu kiganja moja hapo kando, arudi kulala. Desturi haitaki zaidi ya hiyo. Ni haraka yako."

Okoth aliishi miaka mitano zaidi, hakushika plau tena. Kila msimu tulimwekea kiti pembeni mwa shamba, akatupa kiganja chake cha mbegu akiwa ameketi, nasi tukaendelea na kazi. Ilichukua dakika moja.

Sasa nakuona wewe, umetoka kitandani juzi, bado unakohoa, unatafuta viatu vya mpira. Virudishe. Homa ikikushika, lala mpaka nguvu zirudi kweli. Ukihisi kifua kubana, pumzi kukatika, moyo kudunda ovyo au miguu kuvimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na anayekutajia chira mwache aseme peke yake. Na mwenzako akiugua, usimharakishe kwa ajili ya shamba lako.

Nyasaye, Mungu wetu, akulindie moyo wako, mwanangu, na akupe ndugu watakaokubali kukungoja.