Kipawa Kilichotoka Kibuyuni

Nimechoka kuchekwa kisimani, basi niseme mwenyewe. Tangu uamsho utufikie hapa Ihembe, kila mlokole alijaliwa kipawa cha Roho isipokuwa mimi, mwinjilisti wao.

Jumapili, baada ya kufunga, nilimaliza kibuyu kizima cha omuramba, maji matamu ya ndizi ambayo hata walokole tunaruhusiwa kuyanywa. Mke wangu aliyakamua Alhamisi, nami sikuuliza kama yamekwisha kuchacha.

Nikiwa nakemea pombe madhabahuni, nilianza kutetemeka. Nikalia, nikacheka. Waumini wakashangilia kwamba Roho ameshuka, na mimi mpumbavu nikaamini. Nikamkumbatia jirani yangu Bigirwa, niliyemfungia meza ya Bwana kwa ulevi wake.

Akaninusa, akasema kanisa zima likisikia, "Mwalimu, kipawa hiki mimi ninacho kila jioni. Mbona ulinitenga?"