Mchikichi Uliofika Kwenye Kioo

Nyumba ya vioo katika bustani ya chuo kikuu ilijengwa kwa ajili ya profesa wa kwanza wa mimea, aliyetaka wanafunzi wake wa mji ule wa baridi waione miti ya nchi za joto. Shimo la mchikichi wa katikati lilichimbwa na kibarua mmoja, akaumwagilia hadi alipostaafu. Kazi akamwachia binti yake, ndiye huyu ninayewasimulia. Wenzake humwita Mama Mpira, maana mpira wa maji haumtoki mkononi.

Sasa jamani, mti ulikuwa umekaribia paa. Na mchikichi si ua la kupunguzwa kwa mkasi. Ukikata kilele umeuua. Chuo kikasema paa haliinuliwi. Mti ukigusa kioo, unaangushwa.

Mama Mpira afanye nini? Akaunyima maji. Samadi hakuna, madirisha wazi ili baridi iingie, mradi usikue.

Nyumbani, babake aliyekuwa haoni tena humuuliza kila jioni, “Mwanangu, mti umekunywa?”

“Umekunywa, baba.”

Mkuu wa bustani akaona makuti yamenyauka. “Mama Mpira, mgonjwa wako ana nini?”

“Daktari kamkataza kula, bosi. Kanenepa mno.”

Mkuu akacheka, kisha akatazama juu, kicheko kikamkauka. “Nimewabembeleza wakubwa mpaka wananikimbia. Na mimi nimeajiriwa tu, dada yangu.”

Lakini mti ule haukusikia la muadhini wala la mteka maji msikitini. Ukatoa kuti jipya, limefungwa kama mwavuli, likapanda. Mama Mpira akapanda ngazi, akalivuta pembeni kwa kamba. Usiku kucha likajinyoosha. Asubuhi ncha ilikuwa imejikunja kwenye kioo.

Mkata miti akaja kupima, mtu mpole. “Tunaanza kesho, mama. Kamba zako nitakufungulia.”

Alipoondoka, Mama Mpira alikaa kwenye ukingo wa tangi, mikono mapajani. Kisha akauburuta mpira hadi shinani, akafungulia bomba lote.

“Si unakatwa kesho?” mkuu akauliza mlangoni.

“Najua, bosi.”

Udongo ulikuwa mkavu hata ukasikika unavyofyonza. Maji yakajaa, yakafurika njiani, naye Mama Mpira hakusogea.

Jioni babake akauliza lile lile.

“Umekunywa, baba,” akajibu, akivua viatu vilivyolowa chepechepe.