Choo Asichokiingia Mzee Mayige

"Mama Joyness, usije ukasema ni mimi niliyekwambia," Elina alianza, na papo hapo Lukresia akajua kwamba jambo lenyewe limeshazunguka kitongoji kizima, yeye ndiye wa mwisho kulisikia.

Walikuwa wamepiga magoti mchangani, katikati ya mto uliokauka, kila mmoja kwenye kishimo chake, wakisubiri maji yajikusanye hadi kopo liweze kuteka.

"Sema, jirani."

"Ni mkweo. Watu wanasema anajisaidia kule juu, kwenye kona ya mto, vichakani. Juu ya visima vyetu hivi hivi." Elina akacheka, lakini uso haukucheka. "Mchimba vyoo! Kata nzima kaichimbia, cha kwake kawaachia kuku watagie."

"Mzee Mayige? Haiwezekani."

"Haya. Wewe umewahi kumwona akiingia chooni?"

Lukresia akainamia kishimo chake. Akateka kopo moja, akalimimina kwenye dumu kupitia kitambaa, kisha jingine. Miaka sita yuko kwenye kaya ile. Hakuwahi kumwona.

Na Mayige nani asiyemjua, upande ule wa Ngulyati? Udongo wa huko ni mweusi, wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Mvua ikija unavimba, unalainika, unaanguka. Vyoo vya watu wengine vilidumu mvua mbili vikazama na milango yake. Vya Mayige vilisimama. Alisuka fito ndani ya shimo, duara baada ya duara, kama anayesuka kihenge cha kuwekea mahindi, halafu akakandika kwa udongo wa kichuguu. Yeye chini anaimba, mwanawe Method juu anavuta ndoo za udongo kwa kamba. Method alipokwenda machimboni kutafuta dhahabu, kamba ikakosa mtu na mzee akaacha kuchimba.

Choo cha nyumbani alikichimba mwaka ule Method alipooa. Akaweka sakafu ya saruji na mlango wa bati, bwana afya akaja akakisifu mbele ya watu. Lukresia alipoletwa, aliingia siku ile ile. Tangu siku hiyo mzee hakukanyaga tena humo. Mkwe na mkamwana hawachangii choo. Hilo Lukresia alilijua tangu kwao, ila alidhani mzee anakwenda kwa mdogo wake, ng'ambo ya barabara. Angemuuliza vipi? Mkwe hazungumzishwi ana kwa ana. Mama mkwe alipokuwa hai ndiye aliyebeba maneno yao. Alipofariki, maneno yakawa yanapitia kwa mtoto.

"Joyness, mwambie babu chakula kiko tayari."

"Joyness, mwambie mama ahsante."

Joyness alikuwa na mwaka mmoja na nusu, hakupeleka neno lolote. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati.

Jioni ile Lukresia alirudi mtoni peke yake, akapanda hadi kwenye kona. Mashamba yalikuwa meupe. Miti ya pamba ilishang'olewa na kuchomwa, mtu mzima hakuwa na pa kujificha isipokuwa vichaka vile vya ukingoni. Aliona nyayo za katambuga, vile viatu vya tairi, cha kushoto kimemeguka kisigino. Nyayo zile zile alizokuwa akizifagia uani kila asubuhi.

Akakaa mchangani.

Deogratias, mwanawe wa kwanza, aliugua siku tatu tu. Aliharisha, macho yakaingia ndani, akanyamaza. Kaburi alilichimba Mzee Mayige peke yake, akakataa kupokewa jembe. Lukresia hakutaka kuyaweka mambo haya mawili pamoja, kona ile na kaburi lile, lakini yalikwisha kukaa pamoja yenyewe. Akatafuta hasira moyoni asiipate. Alichokiona ni mzee mwenye magoti mabovu, anatembea mwendo wote ule kila alfajiri ili yeye, mkamwana, asione aibu.

Maji mengine yangetoka wapi? Bomba lililojengwa karibu na shule lilitoa maji wiki ya ufunguzi, likanyamaza. Sasa watu wanafungia mbuzi pale.

Basi Lukresia akafanya alichoweza. Akakiosha choo, akakimwagia majivu, akaweka kopo la maji mlangoni, na yeye mwenyewe akaacha kuingia. Alfajiri akawa anakwenda porini na kanga yake, upande mwingine. Alisema moyoni, nikikiacha kitakuwa chake. Siku ya kwanza kopo lilikuwa limejaa. Siku ya pili, limejaa. Siku ya tatu walikutana njiani kulipokucha, yeye anatoka porini, mzee anatoka mtoni. Kila mmoja akageukia upande wake. Nyuma yao choo kile kizuri kilikuwa kimefungwa, hakina mtu.

Akarudi nyumbani, akamkalisha Joyness kwenye kigoda, akaanza kumchana nywele pale mzee anapoweza kusikia.

"Joyness," akasema, "mwambie babu maji ya mtoni yanatuumiza. Mwambie watu wanasema kuhusu kona ya mto. Mwambie choo ni chake, mimi nimekiacha."

Mzee alikuwa anachonga mpini. Kisu kikasimama.

"Joyness," akasema, "mwambie mama yako arudi chooni. Mimi nitakanyagaje alipokanyaga yeye? Nitajichimbia changu."

Kesho yake akatoa sururu. Alichimba mpaka kifuani, akipanda na kushuka ngazi ya miti, ndoo moja moja, maana hapakuwa na wa kumvutia. Aliwaendea vijana wawili aliowachimbia baba zao. Walimwambia wana kazi. Alipogeuka mmoja akasema kwa sauti, "Choo cha nini tena, mzee? Si una mto mzima?" Wakacheka.

Mvua ya kwanza ikanyesha, na shimo likaanguka kabla hajasuka fito hata duara moja.

Wiki ile ile Joyness akaanza kuharisha.

Zahanati walimpa pakiti za unga wa chumvi. "Changanya na maji safi na salama," nesi alisema, huku anaandika.

"Maji ya wapi, dada?"

Nesi akaacha kuandika. Akamtazama mtoto, akatazama kanga ya Lukresia yenye matope ya mtoni pindoni. "Yachemshe," akasema polepole. "Yachemshe sana. Asipopata nafuu mpeleke hospitali Bariadi, usisubiri."

Aliyachemsha. Kuni zikaisha, akavunja kigoda. Mtoto alikunywa na kutapika, akanywa na kutapika. Nyuma ya nyumba mzee alikuwa ameanza shimo jingine, hatua chache kutoka lile lililoanguka, na sururu yake ililia tangu asubuhi hadi jua kuzama. Hakula alichopelekewa.

Siku ya nne Joyness hakuwa na nguvu ya kulia. Lukresia alimfunga mgongoni, akasimama uani kumsubiri Elina, aliyekimbilia barabarani kuwatafutia bodaboda wa kuwapeleka Bariadi. Upande wa Zagayu mawingu yalikuwa yamejaa, meusi. Shingoni mwake alihisi pumzi ya mtoto, fupi fupi, kavu.

Sururu ikanyamaza.

"Joyness." Sauti ilitoka shimoni, kutoka mbali chini. Mzee alikwisha kupita urefu wake mwenyewe. "Joyness, mwambie mama..."

Mtoto hakutikisika. Hapakuwa na mtu wa kusimama katikati.

Lukresia alisikia udongo ukimomonyoka, punje punje, ukidondoka juu ya kitu cha bati.

"Mayu."

Mama, ndivyo alivyomwita, kwa Kisukuma. Marehemu mama mkwe alikuwa akimwita hivyo. Kinywani mwa mzee huyu neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kumwelekea yeye.

Akasogea hatua mbili, akasimama. Mtu haendi kuchungulia shimo alimo mkwewe, amevua, anatoka jasho.

"Mayu, mikono imekwisha. Ngazi siiwezi tena. Wingu naliona hata huku, na fito sijaanza, udongo umenijaa miguuni." Akakohoa. "Najua unasubiri pikipiki. Ikija, nenda, usinitazame. Lakini kabla haijaja..."

Akawa kama anatafuta mtu mwingine wa kupitishia neno, asimpate.

"Nimevaa shati. Njoo unishikie kamba ya ndoo."