Waya wa Bi Draya

Mtaani kwetu mpaka wa nchi mbili ni uchochoro ambao mikokoteni miwili haipishani. Upande huu kuna saluni ya Bi Draya. Upande wa pili, hatua kumi na nne, anaishi mdogo wake, ambaye aliolewa nchi za nje bila kuhama mtaa.

Serikali hizi mbili hazilioni jua kwa jicho moja. Yetu imefuta kodi ya paneli, lakini shirika letu la umeme halitaki hata kusikia umeme wa raia. Ng'ambo paneli hutozwa kodi mpaka mnunuzi aone kizunguzungu, ila shirika lao hupokea umeme wa ziada kwa mikono miwili na kukurudishia uniti. Wataalamu wameandika vitabu vinene kulinganisha sera hizo. Bi Draya alizilinganisha akiwa amesimama mlangoni.

Ana paneli nane juu ya bati. Jumatatu saluni hufungwa.

"Jumatatu umeme wangu unakwenda wapi?" alimuuliza fundi wa sola.

"Hauendi popote, mama. Unakaa tu bila kazi."

Jibu hilo lilimnyima raha. Mwanamke anayekata mche wa sabuni vipande saba hawezi kustahimili jua la siku nzima likikaa bure. Jumatatu iliyofuata waya ulivuka uchochoro, umefichwa kwenye kamba ya nguo, chini ya shuka lililokaa miezi saba bila kukauka.

Kosa lao lilikuwa moja: nyumba ya mdogo mtu ilipeleka umeme mwingi kwenye gridi, na juu yake hapakuwa na paneli hata ya dawa. Mkaguzi wa ng'ambo akapanda ngazi, akamkuta paka.

"Paneli ziko wapi?"

"Kwani umeme haufiki, shemeji?" aliuliza mdogo mtu, ambaye humwita shemeji kila mwenye fomu mkononi.

"Unafika."

"Sasa tunagombana nini?"

Mkaguzi aliinua shuka, akauona waya. Kwa kuwa mamlaka yake yaliishia katikati ya uchochoro, alimpigia simu mwenzake wa kwetu. Wanafahamiana. Kila mwaka hukutana kwenye warsha ya kulinganisha nchi ipi ina sola nyingi, wakaoneshana majedwali na kununiana wakati wa chai.

Bi Draya aliwapokea akiwa na kitana mkononi. Waya ukikatwa, paneli zingebebwa kama ushahidi, na draya zake tano zingebaki viti vyenye kofia.

"Kateni," alisema. "Ila mpatane kwanza nani anakata."

"Paneli ziko kwenye ardhi yetu," alisema wa kwetu. "Ni zetu."

"Umeme unaingia kwenye gridi yetu," alijibu wa ng'ambo. "Ni wetu."

"Basi kata wewe."

"Nikate mimi? Ripoti ni Ijumaa! Kwenye kata yangu nzima, nyumba ile tu ndiyo inayoleta umeme wa jua."

"Na mimi nikizichukua hizi, nimejipunguzia paneli nane. Mwaka jana mlitupita kwa tatu!"

"Nne."

Bi Draya akashusha kitana. Alikuwa amesuka vichwa vya mabibi harusi na mama wakwe zao siku moja. Aliwajua watu wasiotaka kushindwa. Akawavutia viti.

"Kaeni, baba zangu. Kila mmoja ajaze fomu yake kwamba ni za kwao. Mimi natia saini zote mbili."

Wakaandika. Wa ng'ambo aliazima kalamu ya wa kwetu, akaifunika fomu yake kwa kiganja asionwe anachojaza.

Warsha imekwisha juzi. Nchi zote mbili zimetangaza maendeleo ya kuridhisha, na kila moja inaongoza. Asubuhi hii Bi Draya amemwita fundi aangalie kama bati litabeba paneli nane nyingine. Wakaguzi wote wawili wameshapiga simu kuuliza hilohilo, na yule wa kwetu amejitolea kushika ngazi.