Harufu Iliyotoka Kwenye Sweta la Binti wa Dobi

Jua halijachomoza sawasawa, na dobi yuko mezani, anapiga pasi mashati ya shule. Mkono uko kwenye pasi, macho yako mlangoni. Binti yake kapeleka nguo za wateja, na kila akichelewa kidogo roho ya baba haitulii.

Binti ana miaka kumi na mitatu. Kaka yake ni mtu wa kujikalia kimya. Huyu, baba anasema, miguu inamwasha.

"Akiona ukuta, lazima aupande. Ukimwambia kitu ni kikali, anakionja kwanza. Marehemu mama yake ndiye aliyemweza. Mimi nimebaki na kufoka tu."

Dobi hupekua mifuko ya kila nguo kabla ya kuiloweka. Vipande vya sigara huvikuta kwenye sare za watoto wa watu, akatikisa kichwa. Sweta la bintiye hakuwahi kulipekua, maana mtoto alianza kulifua mwenyewe, kila jioni, bila kutumwa.

"Nilimsifia kwa wateja wote," anasema. "Nikajiona nimelea."

Mwezi uliopita mvua ilinyesha, sweta halikukauka. Baba akaona amsaidie, akalipitishia pasi. Mvuke ulipopanda, ukapanda na harufu ya sigara.

"Baba, nilivuta moja tu."

"Moja ndiyo unaifua kila jioni?"

Binti akainama. "Nikikaa naona kama nitapasuka, baba. Zamani si nilikuwa nakimbia uwanjani?"

Hapo ndipo dobi anapopandwa na hasira. Uwanja wa shule umefungwa kwa mnyororo, wakubwa wanaegesha magari yao humo. Kibanda kinachouza sigara mojamoja kiko palepale getini, na hakuna mkubwa anayekiona.

"Mtoto asiyetulia wamemnyang'anya pa kukimbia, wakamwachia kibanda. Halafu wanatuita vikaoni kutufundisha malezi. Wao na vitambi vyao."

Kesho anakwenda kwa mwalimu mkuu kuudai uwanja. Akifukuzwa, atarudi keshokutwa. Kwa sasa kampa binti kazi ya kupeleka nguo kila asubuhi, kwa mbio.

Mlango unasukumwa. Binti anaingia akihema, sweta limelowa mgongoni.

"Usininuse, baba. Nanuka jasho."

Baba ananusa vilevile, shingoni, kisha mikononi. Ananusa tena. Ni jasho tupu.

"Livue," anasema, akivuta beseni. "Hili nitalifua mimi."