Maji Yasiyokuwa Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo pale Moshi hakunipa kiti wala kalamu. Alinipa kitambaa cha pamba na kopo la maji safi, akanipeleka uwanjani kwenye kibanda cheupe cha mbao, akaniambia nivalishe kipimajoto. Nikadhani ananitania kwa kuwa mgeni. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Vipimajoto huwa viwili, kimoja kikavu, cha pili kimevishwa kitambaa kibichi. Maji ya kitambaa yakigeuka mvuke, hicho cha pili hupoa. Hewa ikiwa kavu hupoa sana. Hewa ikishiba unyevu, vyote viwili hukaribia kulingana. Kwa tofauti hiyo unajua hewa imebeba mvuke kiasi gani. Ninyi wajukuu zangu mnaiuliza simu kama leo mfue au msifue. Sisi tulikuwa tunavalisha na kuvua.

Mkuu wa Kituo alikuwa na maneno machache, na hayo machache aliyarudia mpaka yakaniingia. Mvuke hauonekani, alisema. Ukiona wingu, ujue mvuke umeshapoa, umeshika chembe za vumbi na moshi, umekuwa vitone vidogo mno vinavyoelea. Vikigongana na kuungana vinakuwa vizito, ndipo vinaanguka. Huko juu kwenye baridi ya kilele cha Kibo huganda, tukapata theluji, na siku mbaya tukapata mvua ya mawe ya kulaza mpunga wa Chekereni. Hewa ikiukuta mlima hulazimika kupanda, na ikipanda hupoa; ndiyo maana Kibosho inalowa, na kule Sanya Juu, hewa ikifika imeshatua mzigo, watu hutazama mawingu kwa hamu. Nimefanya kazi kote huko, na kote niliulizwa kama harusi ya fulani itanyeshewa.

Ninachotaka kuwasimulia ni kituo changu cha pili, Kibosho ya juu, karibu na msitu. Kilikuwa na kipima mvua, yaani kopo la chuma lenye faneli na chupa ndani, na mlinzi mmoja, Mzee Massawe. Msimu wa baridi ulipoingia, karibu kila asubuhi nilikuta maji kwenye chupa. Nikayapima, nikatuma namba zangu Moshi. Shuleni, hapo chini tu, kulikuwa na kipima mvua kingine, na chenyewe kilikuwa kikavu.

Mkaguzi wa Kanda akapanda kuja. Alijulikana kwa kuwafukuza wapika takwimu, wale wanaojaza namba wakiwa kitandani. Mimi nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na baba yangu alishawatangazia watu kanisani kwamba binti yake ni mtu wa serikali.

"Binti," Mkaguzi alisema, "hapo chini ni pakavu. Watu hawajasikia mvua kwenye bati. Wewe yako unaitoa wapi?"

"Nimeandika nilichopima, mzee."

"Basi kesho alfajiri tutapima wote. Nikikuta chupa kavu, fungasha."

Jioni ile alimwaga maji yote ya chupa, akafunga geti la kituo kwa mkono wake, akaondoka na ufunguo. Mimi nilisali ukungu ushuke, maana nilishaona kwamba chupa hupata maji asubuhi za ukungu. Sijawahi kuomba kitu kwa bidii namna ile, hata mume sikumwomba hivyo.

Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye migomba. Mkaguzi akafungua geti, akatoa chupa. Ilikuwa na maji. Aliinama, akazunguka kopo, halafu akainua macho.

Juu ya kopo kulikuwa na tundu la wavu wa waya, kama la kuku, lililofunika faneli. Mzee Massawe alilisuka kwa mabaki ya wavu wa vichanja vya kuanikia kahawa, kwa sababu tumbili walikuwa wanatupia maganda ya ndizi kwenye faneli. Mimi nililikuta pale, nikadhani ni sehemu ya kifaa. Kila waya ulikuwa umejaa matone kama shanga. Moja likanenepa, likaachia, likaingia kwenye faneli.

"Maji ni ya kweli," Mkaguzi alisema taratibu. "Ila si mvua. Wavu huu unakamua wingu."

Akatueleza. Ukungu ni wingu lililokaa chini. Vitone vyake ni vyepesi mno kuanguka vyenyewe, lakini upepo ukivipitisha kwenye waya vinanasa, vinaungana, vinapata uzito. Miti iliyoota ukoga na nyuzi kama ndevu huko msituni inafanya kazi hiyohiyo, nasi tunakunywa kwenye vijito bila kuuliza. Alicheka, akakiri kwamba yeye mwenyewe alishakagua kituo kile na kulipita tundu lile bila kulitilia maanani.

Lakini kanuni ni kanuni. Tundu likatolewa, na namba zangu za msimu mzima zikafutwa. Nilifurahi kubaki na kazi, na niliumia kuona asubuhi zangu zote za baridi zimehesabiwa kuwa si kitu. Mzee Massawe, aliyedhani zamu yake ya kufukuzwa imefika, aliomba jambo moja tu: apewe wavu wake. Kihamba chake, yaani shamba la ukoo alikojenga, kilikuwa kwenye mgongo wa mlima ambako mfongo, mfereji wetu wa asili, haufiki, na mkewe alikuwa anateka maji mbali. Mkaguzi akamruhusu.

Miaka ikapita, vituo vikapita. Siku ya kuagwa kwangu nilipostaafu hapa Moshi, wakubwa walisoma hotuba ndefu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kusinzia. Ndipo akaingia bibi mmoja na kidumu, viatu vimejaa udongo wa Kibosho. Alikuwa Mama Massawe. Mumewe alishatangulia mbele za haki. Niliinuka nikamwamkia shikamoo, naye akaniwekea kidumu mezani, katikati ya soda za wakubwa.

"Haya ndiyo maji yaliyotaka kukufukuzisha kazi," alisema. "Wavu tumebadilisha mara nyingi, ila wingu ni lilelile. Wanangu wote wamekua kwa maji haya. Kunywa, mama."

Nilikunywa huku nalia, mbele ya wote. Yalikuwa ya baridi, na yalikuwa na ladha ya waya kidogo.