Wanja wa Siku ya Daktari

Jicho langu la kushoto ni la bandia. La asili lilitolewa nikiwa na miaka miwili, kwa sababu ya saratani. Nilipojifungua binti yangu, katika miaka ya tisini, daktari wa macho aliniambia bila kuzungukazunguka kwamba huenda nimemrithisha, na kwamba achunguzwe kila miezi mitatu mpaka atimize miaka mitano. Nilimkasirikia daktari. Kisha nikajikasirikia mwenyewe: nina pua nzuri na sauti nzuri, ya nini kumpa mtoto saratani hiyo?

Siku ya uchunguzi wa kwanza, mama mkwe wangu alimwogesha mtoto huku nikitafuta kadi ya kliniki. Alikuwa amekuja kutoka Mkokotoni kwa ajili ya arobaini yangu ya uzazi, na ilipokwisha akakataa kuondoka. Niliporudi chumbani nilimkuta mtoto amepakwa wanja mweusi tii, juu na chini, na nyusi zimechorwa mpaka zimekutana.

“Mama, tunakwenda kwa daktari wa macho.”

“Ndo maana nshamtia. Wataka atoke uso mtupu, watu waseme hana bibi?”

Muda wa kuufuta haukuwapo. Hospitalini, muuguzi alipomtia matone ya kupanua mboni, mtoto alilia na wanja ukamiminika mashavuni, kwenye kanga yangu na kwenye koti jeupe la daktari. Daktari alifuta kwa pamba, akafuta tena, akauliza kwa upole kama tumemletea mtoto au sufuria ya kuni. Mama mkwe alimtazama juu mpaka chini. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha daktari akawasha kurunzi, na kicheko kikanikauka. Alitazama jicho la kulia. Kwenye la kushoto alikawia. Niliogopa vibaya sana.

“Yote mawili safi,” alisema. “Tuonane baada ya miezi mitatu.”

Nje, mama mkwe aliniuliza kwa nini nalia na mtoto ni mzima. Nikamwambia miezi mitatu itapita upesi, tutarudi, na tutarudi tena. Alinipokea mtoto, akamlaza begani kwake.

“Basi mitatu hii unayo, mwanangu. Wataka kuilia yote leo, hapa mlangoni?”

Nikajifuta uso, tukaenda Darajani kununua samaki.